Kukosha Vyombo: Habari za Maji, Majivu na Karo

Mgeni wa bara aingiapo katika nyumba ya Unguja, akala akashiba, kisha kwa nia njema akasema kwamba anataka kuosha vyombo, aghalabu huwaona wenyeji wake wakitazamana na kuficha tabasamu, kwa sababu masikioni mwao kuosha ni kazi ya mwosha, na mwosha ni mtu aitwaye nyumbani siku ya msiba, si siku ya pilau. Vyombo hukoshwa, kama mchele ukoshwavyo kabla ya kutiwa chunguni; nguo hufuliwa; mtu hunawa mikono, husukutua kinywa, hukoga mwili, hutawadha kwa ajili ya sala; na sahani iliyokwisha kupakwa sabuni husuzwa. Lugha haikuzaa maneno yote haya kwa kupenda wingi. Watu ambao kwa karne nyingi kila kata ya maji iliwafikia baada ya kuvutwa kisimani na kubebwa kichwani mwa mtu hawakuweza kuyaita kwa jina moja matumizi ambayo kila namna ilikuwa na kipimo chake, na mimi naamini ya kwamba atakaye kuijua historia ya jiko la pwani asianze na chakula, bali aanze na maji yaliyotumika baada ya chakula kwisha.

Bibi yangu, aliyekuwa na nyumba ya udongo na makuti huko Ng'ambo ya mji wa Unguja, alikosha vyombo mara mbili kwa siku, asubuhi baada ya chai na alasiri baada ya sala, na kazi yenyewe aliifanyia uani, amekaa juu ya mbuzi yuleyule wa kukunia nazi, mbele yake mabeseni mawili ya bati, na kando yake ndoo moja ya maji safi ambayo hakuna mkono wenye mafuta uliopata ruhusa ya kuigusa. Mpango wake haukubadilika katika miaka yote niliyomjua. Bilauri zilitangulia, kwa kuwa hazina mafuta, na kwa kuwa shombo ya samaki ikiisha kuingia katika bilauri humfuata mnywaji hata siku ya tatu; vikombe vya chai vikafuata; kisha sahani na mabakuli; kisha sinia; na mwisho kabisa sufuria na vyungu, ambavyo tangu mwanzo vilikuwa vimewekwa pembeni na kutiwa maji ili ukoko ulainike. Maji ya beseni la kwanza yalipochafuka yalimwagwa, lile la pili likashuka daraja likawa la kwanza, na maji mapya yakatiwa kwa kata katika lile lililobaki tupu. Wala hata hayo yaliyomwagwa hayakupotea, maana yalikwenda kwenye shina la mpapai uliosimama karibu na ukuta wa choo, na papai za mti ule zilisifiwa mtaa mzima na watu ambao, nadhani, hawakujua zilinyweshwa nini.

Bilauri alizisugua kwa dodoki, sahani kwa kumbi la nazi alilolipondaponda mpaka likawa laini, na sufuria kwa kumbi gumu lililochovywa katika majivu. Sehemu ya nje ya sufuria, ambayo moto wa kuni huifunika kwa masizi meusi kama lami, alikuwa amekwisha kuifanyia hila kabla ya kupika, kwa kuipaka udongo mwepesi wa rojorojo, hata masizi yakashika udongo badala ya kushika chuma, na yote mawili yakaondoka kwa pamoja kwa mpito mmoja wa mkono. Kisha vyombo vilipinduliwa juu ya kichanja vikaachiwa jua. Usiku hakulala mpaka kila chenye kitu ndani yake kimefunikwa, na kisicho na kifuniko alikifunika kwa kawa, kwa sababu Mtume ameagiza vyombo vifunikwe usiku, na kwa sababu mende wa Ng'ambo hawakuwa wakingoja mwaliko.

Sababu za desturi hizi nilizijua baadaye sana, na kila moja ilinirudisha nyuma mbali kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1331 msafiri wa Kimaghribi, Ibn Battuta, alifika Mogadishu, akakaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akaletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Kutoka huko alipita Mombasa, akalala usiku mmoja tu, lakini usiku ule ulimtosha kuona jambo ambalo wenyeji wenyewe wasingeona kuwa lafaa kuandikwa: ya kwamba kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi, kina chake mkono mmoja au miwili, na maji yakatekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba kama mpini, na pembezoni pa kisima pamesakafiwa, na kila atakaye kuingia hukosha miguu yake kwanza. Chombo kile ni kata. Sisi tuliorithi kata ya kifuu cha nazi chenye mpini wa mti, iliyotundikwa juu ya kila mtungi mpaka zama za wazazi wetu, hatuhitaji kuelezwa kazi yake: kutoa maji kidogo kutoka kwa maji mengi bila ya mkono kuyagusa mengi hayo. Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya namna ya kukosha vyombo katika pwani yote.

Ama ile sahani ya mti nayo ina somo lake. Mti haurowekwi, ukirowekwa hufura, ukikauka hupasuka, kwa hiyo ulisuguliwa upesi kwa mchanga na maji ya moto na kuanikwa kivulini. Chungu nacho hakitaki sabuni, maana udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana vinywavyo kila kinachopita, na chungu kilichonywa sabuni huirudisha katika mchuzi wa kesho. Kwa hiyo kilisuguliwa kwa kumbi na mchanga, kikasuzwa kwa maji ya moto, kikapinduliwa juani. Vyombo hivi viwili, vya mti na vya udongo, ndivyo vilivyofundisha mikono ya watu wa pwani kwa muda mrefu kuliko chombo kingine chochote, na kila kilichokuja baadaye kilikosheka kwa mafunzo ya hivyo kwanza.

Kilichokuja baadaye kilikuja kwa jahazi. Kaure ya China ilifika Kilwa, Gedi, Malindi na Pate kwa njia ya Uajemi, Bara Hindi na Uarabuni, na vigae vyake vimejaa ardhini kiasi cha kwamba James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, aliweza kukadiria umri wa kuta kwa kuangalia bakuli gani limevunjika chini yake. Neno lenyewe lina mzaha wake: kauri, au kaure, ni jina la kombe la pwani na pia ni jina la chombo cha China, kwa ajili ya ule weupe mtelezi wa vyote viwili, na Waitalia, pasipo kushauriana na sisi, walifanya vivyo hivyo, wakakiita chombo hicho kwa jina la kombe lilelile. Chombo cha namna hii kilikuwa na fadhila moja ambayo wafanyabiashara hawakuhitaji kuitangaza kwa wanawake wa jikoni, nayo ni kwamba hakinywi kitu. Mafuta hukaa juu yake kama mgeni mlangoni. Kata moja ya maji ya moto na mkono mmoja hutosha. Lakini fadhila hiyo ilikuja na hofu, kwa sababu chungu kikivunjika huchomwa kingine, na bakuli la kijani la China likivunjika hungoja msimu mwingine wa kaskazi.

Ndipo watu wakaamua, kwa hekima ninayoistahi, kwamba njia iliyo salama ya kutunza chombo kisichotakiwa kuvunjika ni kutokukitumia. Mabakuli yakajengewa katika nguzo za makaburi, kama yalivyoonekana Mambrui na Kunduchi, huko yakapata bahati ya kutokoshwa tena ila na mvua. Na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate yakapangwa katika vidaka, vile vidirisha vipofu vya chokaa vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu, yakatazamwa na wageni, yakafutwa vumbi, yasipate kuona wali. Bakuli jingine lilipewa kazi ya ajabu zaidi. Chini kabisa ya birika la maji la nyumba za kale za Lamu, mafundi walipachika bakuli la kaure lililotazama juu, na ndani ya birika wakaishi samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Maji yalipokwisha na birika likakaribia kukauka, samaki walibaki hai katika maji machache yaliyosalia ndani ya bakuli mpaka birika lijazwe tena. Sijui taifa jingine lililochukua sahani ya mfalme wa China likaifanya makao ya samaki, na sioni kuwa ni dharau.

Katika nyumba hizohizo za Lamu jiko lilikuwa juu darini, katika kidari cha meko, ili moshi na harufu visishuke kwa watu, na kisima kilikuwa chini. Mtu aliyejenga hivi hakuwa ndiye achukuaye maji.

Pamoja na kaure ilikuja shaba, na majina yake hata leo yamo vinywani mwetu ingawa shaba yenyewe imekwisha kuondoka: sufuria limetokana na neno la Kiarabu la shaba, na sinia maana yake ni kitu cha China, hivyo kwamba mwanamke wa leo apakuaye wali kutoka kwa sufuria ya aluminiamu kuutia katika sinia la bati lililotengenezwa mahali pengine kabisa hutaja madini asiyonayo na nchi ambayo haikuhusika. Shaba ilileta kazi yake. Sufuria ya shaba nyekundu isiyopakwa bati kwa ndani hutoa kutu ya kijani yenye sumu, kwa hiyo ilihitaji kurudishwa kwa fundi mara kwa mara; na masinia ya shaba, ili yang'ae siku ya harusi au ya sikukuu, yalisuguliwa kwa ukwaju au ndimu pamoja na majivu au mchanga, maana uchachu huyeyusha ule weusi ambao nguvu ya mkono peke yake haiuwezi. Kabla ya Idi, ua wa nyumba moja ungeweza kujaa wasichana waliokaa duara, kila mmoja na sinia lake mapajani, mikono myeusi hata kwenye viwiko.

Na sasa nirudi kwenye majivu, ambayo watoto wa shule hudhani kuwa yalitumika kwa umaskini tu. Majivu ya kuni na ya vifuu yana chumvi iliyo ndugu wa magadi, ambayo ikikutana na mafuta katika maji ya moto hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni. Bibi yangu, alipochovya kumbi katika majivu na kulisugua kwenye sufuria iliyopikiwa samaki wa kupaka, alikuwa akipika sabuni kidogo palepale kiganjani mwake, kisha akaitumia kabla haijapoa. Neno alkali, ambalo wanakemia wa dunia yote hulitumia, si jingine ila ni Kiarabu cha majivu ya mimea ya chumvi. Nazi kwa hiyo imefanya kila kazi katika habari hii: tui lake ndilo lililoacha utando wa mafuta juu ya sahani, kumbi lake ndilo lililousugua, kifuu chake kikawa kata ya kumiminia maji na upawa wa kupakulia, kifuu cha pili kikachomwa kikawa majivu, na mafuta yake, kama tutakavyoona, yakasafiri mpaka Ulaya na kurudi.

Sheria nayo ilikuwa na neno lake. Watu wengi wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na mtoto aliyesoma chuoni alijua mapema kwamba chombo kilichorambwa na mbwa hukoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tena kwamba maji machache, yaani yasiyotimia kula mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kama lita 200, huharibika mara tu yaguswapo na najisi, na kwa hiyo kitu kilichonajisika humiminiwa maji kutoka juu, hakitumbukizwi ndani yake. Mafuta ya samaki si najisi, na hapana mwanachuoni aliyemwamuru bibi yangu amimine maji juu ya kila sahani. Lakini mkono uliokwisha kuzoea kumimina msikitini na chooni humimina na uani pia, na nyumba iliyokosa maji mengi huona kwamba kumimina kidogo kwa kata kunatakasa zaidi ya kutumbukiza katika mengi yaliyochafuka. Hapo dini, uchache wa maji, na kata ya kifuu vilikubaliana, na vitu vitatu vikikubaliana desturi haina budi kudumu.

Katika majumba ya wakubwa mambo yalikwenda kwa wingi mwingine. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akatoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo alikadiria kwamba jumba lile la baba yake lilikuwa na watu zaidi ya elfu. Walikula kwa mkono, wakanawa kabla na baada, na vyakula vya namna nyingi vikawekwa mbele yao kwa pamoja. Mtoni palikuwa na mto, kama jina lisemavyo, na hilo lilipunguza taabu. Lakini mtu akihesabu mabakuli ya watu elfu, kisha akakumbuka kwamba soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873 na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisiwani mpaka tarehe 6 Aprili 1897, atajua mikono iliyoyakosha ilikuwa ya nani.

Ndani ya mji wenyewe hapakuwa na mto. Palikuwa na visima vifupi vilivyochimbwa katika ardhi ya mchanga na matumbawe, jirani na vyoo na makaburi, na maji yake yalipita kwa wepesi kutoka huku hadi huku. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu kisiwani, na daktari James Christie, aliyekuwapo mjini, aliandika kitabu kizima juu ya njia alizopitia adui huyo, kikachapishwa mwaka 1876. Bakuli lililosuzwa kwa maji ya kisima kile lilikuwa chafu zaidi ya lilivyokuwa kabla ya kusuzwa, na aliyelisuza kwa bidii hakujua.

Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti cha usultani mwaka 1870, naye alikuwa amekwisha kuiona Bombay katika uhamisho wake. Miongoni mwa mambo aliyoyafanya kabla ya kufariki mwaka 1888, watu wa nje husifu jumba la Beit el-Ajaib na taa zake, lakini wanawake wa mji, kama wangeulizwa, nadhani wangeisifu mifereji. Maji yalitolewa katika chemchemi za Chemchem, upande wa kaskazini wa mji, yakaletwa mpaka mjini kwa mfereji uliojengwa, Sultan akayatoa kwa hisani pasipo kuyauza. Na kutokana na kazi ile mpaka leo Mzanzibari huliita bomba la maji mfereji, ilhali mwenzake wa Dar es Salaam husema bomba, na kila mmoja humwona mwenziwe kuwa amekosea.

Mfereji haukuingia jikoni, ulisimama barabarani, na penye mfereji palikuwa na foleni, ugomvi, habari za mtaa, na posa. Kilichobadilika ni chombo cha kuchukulia. Mafuta ya taa yalipoanza kuletwa kutoka ng'ambo katika makopo ya bati ya pembe nne, watu wa pwani walithamini kopo kuliko mafuta, wakaliita debe, wakalitia ubao wa kushikia katika kinywa chake, na mtungi wa udongo ukaanza kustaafu. Debe huchukua lita 18 na ushei, yaani uzito wa kilo kama hizo juu ya utosi, na katika nyumba ya watu wanane debe moja lilikuwa ndilo posho ya vyombo vya siku nzima. Mabeseni mawili ya bibi yangu, na yule mpapai, vyote vilitoka katika hesabu ya debe moja.

Baada ya 1897 wanawake wengi waliokuwa watumwa walihamia Ng'ambo wakapata nyua zao wenyewe, na katika baadhi ya majumba ya Mji Mkongwe binti wa mwenye nyumba alijifunza kwa mara ya kwanza kuchuchumaa mbele ya beseni. Hayo hayakuandikwa katika taarifa ya serikali yoyote.

Ama sabuni, ilikuwapo tangu zamani kwa jina lake la Kiarabu, lakini kwa vyombo ilikuwa anasa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua mbata kwa wingi Unguja wakaipeleka Marseille, ambako ilikamuliwa mafuta yakapikwa sabuni, na mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni yake ya Sunlight, iliyokatwa vipande na kufungwa kwa karatasi, nayo ikafuata bendera ya Kiingereza kila ilikokwenda. Hivyo nazi iliyoangushwa Unguja ilivuka bahari ikarudi imevaa karatasi, ikauzwa dukani kwa Mhindi kwa mtu aliyeiangua. Viwanda vidogo vya sabuni vya humu humu visiwani navyo vilifanya kazi, na sabuni ya mafuta ya nazi ilikuwa na sifa ambayo maji yetu yaliidai: maji ya ardhi ya matumbawe ni mazito kwa chokaa, na pengine yana chumvi, hata sabuni nyingine hugoma kutoa povu zikaacha utando wa kijivu kwenye sahani, bali ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, kipande kikawekwa juu ya kigae kisiyeyuke, na bibi yangu, aliyekuwa na sabuni na majivu kwa wakati mmoja, alitumia sabuni kwa bilauri na sahani, na sufuria akaziachia majivu mpaka alipofariki.

Karo lilikuja na Mzungu. Tangu Unguja ilipotiwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na kwa wingi zaidi katika Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, zilijengwa nyumba ambazo jiko lake lilikuwa na bakuli kubwa la mawe au la chuma lililojengewa ukutani usawa wa kiuno, na bomba juu yake, na aliyekosha vyombo akasimama. Aliyesimama hapo alikuwa mwanamume. Mpishi alikuwa mwanamume, boi alikuwa mwanamume, na chini yao wote alikuwako toto wa jikoni, kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuni, maji ya moto na vyombo vichafu, asiyeruhusiwa kuingia sebuleni. Wanaume hawa walijifunza kukosha bilauri za mvinyo zisizo na doa hata moja, wakajua sabuni ngapi na maji moto kiasi gani, kisha wakarudi nyumbani jioni wakakaa mkekani wakangoja sahani waliyolia iondolewe na mtu mwingine. Na sijapata kumsikia hata mmoja wa wazee hao, nami nimezungumza nao wengi, akiliona jambo hilo kuwa la kustaajabisha. Kilichowastaajabisha ni kwamba bibi wa Kizungu aliagiza sahani itolewe katika maji ya sabuni na kufutwa kwa kitambaa moja kwa moja, bila ya kusuzwa. Mzee mmoja aliniambia kwamba kwa miaka kumi na mmoja alizisuza kwa siri.

Vyombo navyo vilibadilika. Mabakuli ya udongo mweupe yenye maua ya kugongwa kwa sifongo yaliletwa kutoka Maastricht katika nchi ya Uholanzi, yakaenea pwani yote hata watu wengine wakayatia katika vidaka vya mababu zao pamoja na ya China. Zikaja sahani za bati lililopakwa rangi, ambazo hazivunjiki bali huchubuka, na palipochubuka hushika kutu. Kisha aluminiamu, kisha plastiki, ambayo mafuta huipenda kuliko vyote na maji ya baridi hayawezi kuwatenganisha. Kwa ajili hiyo hasa ikaja sabuni ya unga, ambayo hata ikiwa ya kampuni gani watu huiita omo, na povu lake halijali chokaa wala chumvi. Kumbi likaacha nafasi kwa stiliwaya. Dodoki limesalia, sehemu kwa jina tu, maana hata sifongo ya dukani huitwa dodoki.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya, kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani ya Mashariki, ilibomoa sehemu ya vibanda vya Ng'ambo ikajenga majumba ya maendeleo, na makubwa kuliko yote yakawa yale ya Michenzani, marefu kama treni, yaliyopangwa kwa njia panda. Ahadi yake kwa jiko ilikuwa kubwa: kila nyumba na karo lake, na mfereji ndani. Mama yangu mkubwa alipewa nyumba katika jumba moja la namna hiyo, ghorofa ya nne, na siku ya kuhamia alifungua mfereji mara tatu kwa furaha tu, akafunga. Haikupita miaka mingi maji yakapoteza nguvu ya kupanda. Yaliwafikia wa chini, yakawafikia wa pili kwa siku za bahati, na wa nne wakarejea kwenye ndoo na ngazi.

Nilikuwa nikilala kwake siku za Ijumaa. Karo lilikuwapo, safi, kavu, limepangwa chupa za maji na mche wa sabuni, na mama mkubwa alikuwa amekaa sakafuni pa jiko juu ya mbuzi wa nazi, mabeseni mawili mbele yake na ndoo ya maji safi kando, bilauri kwanza, sufuria mwisho. Mpapai tu ndio uliokosekana, na maji ya mwisho yakaenda chooni. Kabla ya kulala alifanya jambo ambalo majirani wote wa ghorofa ile walilifanya: aliufungua mfereji mpaka mwisho, akaweka chini yake, ndani ya karo, debe tupu la bati, akazima taa. Usiku wa manane nilisikia tone moja likigonga bati, kisha la pili, kisha mlio kama wa mvua juu ya mabati, na kutoka ukuta wa upande wa pili mlio kama huo, na juu yetu mwingine, na mama mkubwa akapita gizani akitugusa miguu mmoja mmoja, akinong'ona, "Amkeni, maji yametoka."